Mafunzo ya 5S na Kaizen: S tatu unazinunua, mbili unaachiwa mwenyewe

Ukiomba mafunzo ya 5S (hatua tano za kupanga mahali pa kazi) na Kaizen (kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma), iwe kwa hospitali ya wilaya au kwa karakana ya samani, utaletewa kifurushi kinachofanana karibu kila mahali: siku mbili au tatu za darasani, slaidi kuhusu Toyota, zoezi la usafi la nusu siku, picha za kabla na baada, mabango ya S tano ukutani, kikosi kinachoundwa siku ya mwisho, kisha vyeti. Kifurushi kina thamani. S tatu za kwanza hurudisha gharama zake hata zikifanywa kwa kiwango cha wastani. Mbili za mwisho, ambazo ndizo zinazobeba nadharia yenyewe, mara nyingi huuzwa kwa jina tu. Kinachokosewa ni namna nadharia inavyokatwa ili itoshe kwenye ratiba ya siku tatu, na mnunuzi akijua imekatwa wapi anaweza kudai kipande kilichobaki.

Kwa Kijapani S hizo ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Kwenye sekta ya afya Tanzania zinaitwa Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Zilifika kwa kuzunguka: hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ilizichukua kutoka viwandani ikaonyesha kwamba zinafaa wodini, na JICA, shirika la misaada la Japan, ikaanza kuzieneza kwenye hospitali za Afrika mwaka 2007. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa ya mwanzo kwa Tanzania, na wizara ya afya ikatoa mwongozo wa taifa wa 5S-KAIZEN-TQM (TQM ni usimamizi wa ubora katika taasisi nzima). Kwa hiyo mtoa mafunzo anayedai kuleta kitu kigeni kabisa hajafanya utafiti wake. Uzoefu wa ndani upo, na mkufunzi mzuri ataanza na huo kabla ya slaidi za Toyota.

Darasani husemwa kwamba lengo ni mazingira safi na nidhamu. Hapo ndipo upotoshaji unapoanza. Kwenye mfumo wa uzalishaji wa Toyota uliojengwa na Taiichi Ohno na wenzake, mpangilio una kazi moja: kulifanya tatizo lionekane lenyewe, bila kusubiri ripoti. Zana ikikosekana mahali pake, kila anayepita aone. Dawa ikikaribia kuisha, rafu iseme. Mashine ikivuja mafuta, sakafu safi iifichue. Usafi ni njia ya kufikia hapo. Ukiufanya kuwa mwisho wa safari, utapata jengo linalopendeza ambalo bado linaishiwa glovu kila Alhamisi.

Sasambua, yaani kuondoa visivyohitajika, ndiyo hatua inayofundishwa vizuri zaidi, na mbinu ya lebo nyekundu ni rahisi kiasi kwamba hata mkufunzi dhaifu hawezi kuiharibu. Kwa karakana ya watu 8 hadi 15, andaa lebo zipatazo 50. Kila lebo iandikwe jina la kitu, idadi, tarehe, aliyeibandika na sababu: hakitumiki, ni kibovu, kimezidi, hakijulikani ni cha nani. Bandika kwa siku moja, chumba kwa chumba, na usiruhusu mjadala wakati wa kubandika, kwa sababu kila kitu kina mtetezi wake. Kisha vitu vyote vyenye lebo vihamie eneo moja lililowekewa mipaka sakafuni, vikae siku 30. Kitakachofuatwa na mwenye kazi nacho kirudi. Kilichobaki kiamuliwe: kiuzwe, kitengenezwe, kihamishwe au kitupwe.

Kwenye ofisi na hospitali za umma, zoezi linakwama hapo hapo kwenye kuamua, na slaidi hazisemi neno. Kitanda kilichovunjika ni mali ya serikali iliyomo kwenye daftari la mali. Hakitupwi kwa sababu kikosi cha 5S kimekiwekea lebo. Lazima kipite taratibu za uondoshaji wa mali chakavu: orodha, uhakiki wa wahakiki mali, kibali, ndipo kiuzwe au kiharibiwe. Taratibu hizo zina sababu nzuri, ila zinachukua miezi. Matokeo yake eneo la lebo nyekundu linageuka dampo la kudumu nyuma ya jengo, mvua inanyeshea magodoro, na watumishi wanajifunza kwamba kusasambua ni kuhamisha takataka kutoka ndani kwenda nje. Dawa yake ni kupanga mapema. Mhasibu na mtunza stoo wawemo kikosini tangu siku ya kwanza, orodha ya mali chakavu iandikwe kwa muundo ambao ofisi ya uhakiki inaupokea, na barua iondoke wiki ileile ya zoezi. Mtoa mafunzo asiyewauliza hao wawili wako wapi anafundisha Sasambua ya kiwanda binafsi.

Seti, yaani kupanga kila kitu mahali pake, ndiyo S yenye faida ya haraka kuliko zote, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme wodi inatumia boksi 3 za glovu kwa siku na stoo kuu inatoa mara moja kwa wiki. Mahitaji ya wiki ni 3 mara 7, yaani boksi 21. Ongeza akiba ya siku 2, yaani boksi 6. Kiwango cha juu cha rafu hiyo ni 27, na mstari mwekundu unachorwa usawa wa boksi ya 6. Mstari ukionekana kabla ya siku ya kutolewa vifaa, mtu anatuma ombi la ziada siku hiyohiyo. Hakuna haja ya kompyuta. Makosa mawili hurudiwa sana hapa. La kwanza ni kuchora mistari kwa kukisia badala ya kuhesabu matumizi halisi ya angalau wiki mbili. La pili ni kupanga rafu kwa mwonekano, boksi zote zikitazama mbele kama dukani, bila kujali tarehe za mwisho wa matumizi. Kinachoisha muda mapema kikae mbele, kinachochelewa nyuma, hata kama rangi za boksi hazipendezi.

Kwa mafundi, chombo maarufu cha Seti ni ubao wa zana: plywood ukutani, misumari au ndoano, na umbo la kila zana likichorwa kwa rangi nyuma yake ili pengo lionekane kwa jicho moja. Unafanya kazi vizuri sana pale ambapo zana ni za karakana. Kwenye karakana nyingi za useremala na ushonaji, hali haiko hivyo. Fundi anakuja na randa yake, patasi zake, mkasi wake. Ndiyo mtaji wake, na jioni anaondoka nazo. Ukimwambia atundike mkasi wake mzuri kwenye ubao wa wote, umemwomba aazimishe mtaji wake kwa yeyote anayepita. Hatakataa kwa mdomo. Atatundika mkasi butu. Kwa karakana za aina hiyo, ubao ubaki kwa zana za pamoja tu, kama klampu, dirili, mashine ya kukata na futi ndefu, na kila fundi apewe droo au sanduku lenye kufuli na nafasi maalumu ya kuliweka. Nadharia haivunjiki kwa kufanya hivyo. Inavunjika ukijifanya umiliki wa zana hauna maana.

Safisha inahitaji maneno machache, kwa kuwa kosa ni moja: inaachiwa wafanya usafi. Anayetumia mashine ndiye anayepaswa kuisafisha, maana mkono wake ndio unaogundua skrubu iliyolegea. Kwenye cherehani ya viwandani, brashi ndogo chini ya meno ya kuvutia kitambaa kila mwisho wa zamu, bobini ikitolewa na pamba kuondolewa, dakika tano. Mshonaji anayefanya hivyo atajua sindano imeanza kupinda kabla haijaharibu magauni kumi. Mfanya usafi atafuta meza na kuondoka, na hana kosa.

Tunafika kwenye S zinazoachwa. Sanifisha maana yake ni kukubaliana njia moja ya kufanya jambo, kuiandika mahali pa kazi, na kuibadilisha ikionekana iliyo bora. Picha moja ya rafu ikiwa katika hali sahihi, ikibandikwa kwenye rafu hiyohiyo, inatosha kuliko ukurasa wa maelezo. Toroli ya dharura iwe na orodha ya vilivyomo, idadi, na nafasi ya sahihi ya aliyekagua kila zamu. Kinachofanyika badala yake ni ulevi wa lebo: mlango umeandikwa mlango, meza imeandikwa meza, sakafu ina kanda za rangi nne ambazo hakuna anayekumbuka maana yake. Rangi zitumike pale tu zinapobadilisha uamuzi wa mtu. Na hospitalini, rangi za mapipa ya taka zina kanuni zake tayari. Kikosi cha 5S kisizibunie maana mpya.

Shikilia, yaani kudumisha hayo yote, ndiyo kaburi la miradi hii. Wasomi wa uongozi wana maelezo mazuri ya sababu, na inasikitisha kwamba hayaingii kwenye mafunzo. John Meyer na Brian Rowan waliandika mwaka 1977 kwamba taasisi huchukua miundo rasmi ili zikubalike machoni pa wanaozitazama, kisha hutenganisha muundo huo na kazi halisi ili kazi isivurugwe. Soma hoja hiyo halafu ingia kwenye jengo lililojaa mabango ya S tano. Fomu ya alama za 5S inajazwa siku mbili kabla ya ugeni. Alama zinapanda kila robo mwaka, na kabati la dawa bado lina vidonge vilivyopita muda. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya: wafanyakazi wameelewa kwa usahihi kwamba kinachopimwa ni mwonekano siku ya ukaguzi, na wanatoa kinachopimwa.

Kipimo cha kweli ni rahisi. Nenda zamu ya usiku au Jumatatu asubuhi bila taarifa. Mwombe mtu ambaye hayumo kikosini alete kitu fulani, kwa mfano katheta ya saizi 16 au bobini ya uzi mweusi, na utazame saa. Sekunde 30 ni kiwango kizuri. Fungua droo tatu bila kuchagua, tafuta tarehe iliyopita. Uliza tatizo la mwisho lililoandikwa kwenye ubao wa matatizo ni lipi na lilijibiwa lini. Dakika kumi zinatosha kukuambia zaidi ya fomu nzima.

Kuhusu kudumu kwa mbinu za aina hii upo ushahidi wa kupimwa, na ndio ninaouheshimu kuliko slaidi zote za Toyota. Mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake walivipelekea washauri baadhi ya viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, na kuvilinganisha na vingine vilivyopata uchunguzi wa mwanzo tu. Mbinu zilikuwa za kawaida: kupanga stoo, kuandika kasoro, kutunza mashine, mikutano mifupi ya kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha tija ikipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta karibu nusu ya mbinu zilizoanzishwa zimeachwa, ingawa viwanda hivyo bado vilikuwa mbele ya wenzao. Sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa kuondoka kwa mameneja na wakurugenzi kukosa muda. Uvivu wa wafanyakazi haukuwa jibu.

Hilo linakubaliana na alichokishikilia W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vya Japan udhibiti wa ubora kwa takwimu mwaka 1950: sehemu kubwa ya kasoro inatoka kwenye mfumo, na mfumo uko mikononi mwa uongozi. Mfano wa wazi ni Fremont, California. General Motors ilifunga kiwanda chake hapo mwaka 1982 baada ya miaka ya migogoro na utoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, wengi wa wafanyakazi wakiwa wale wale wa zamani, na ubora ukapanda sana. Waliobadilika walikuwa wasimamizi na kanuni zao. Mfanyakazi aliyeona kasoro alivuta kamba ya kuita msaada, kiongozi wa timu akaja. Kamba ni kipande cha uzi tu. Thamani yake yote imo katika yule anayekuja inapovutwa.

Kwa hiyo S ya tano inaanza na ratiba ya bosi. Hiki ndicho kipande ambacho kifurushi kinapaswa kuwa nacho na mara nyingi hakina: ubao mmoja wenye safu nne, tarehe, tatizo, mhusika, siku ya kumaliza. Kila asubuhi msimamizi anasimama hapo na timu dakika kumi, kwa kusimama kweli, bila viti. Kila tatizo jipya linapata jibu ndani ya saa 24, hata kama jibu ni hapana pamoja na sababu yake. Mkuu wa kituo au mwenye karakana anapita mara moja kwa wiki, siku ileile, na kuchukua angalau moja analoweza kulimaliza yeye tu, kama ununuzi au ruhusa. Tatizo likikaa wiki tatu bila jibu, watu wanaacha kuandika, na ubao mtupu unasomwa na wageni kama dalili kwamba mambo ni shwari.

Mwenye cheo akihamishwa, ambalo ni jambo la kawaida kwenye utumishi wa umma, ubao huhama naye. Kinga yake ni kuuingiza kwenye makabidhiano ya ofisi: orodha ya matatizo yaliyo wazi ikabidhiwe pamoja na funguo na mafaili.

Upande wa Kaizen, mwongozo unaotumika hospitalini una hatua saba: kuchagua mada, kuchambua hali ilivyo, kutafuta chanzo, kubuni suluhisho, kulitekeleza, kupima matokeo, kusanifisha. Mpangilio ni mzuri. Udhaifu uko kwenye hatua ya pili na ya sita, kwa sababu timu nyingi hukimbilia mchoro wa mfupa wa samaki, unaopanga vyanzo vya tatizo kama mifupa, kabla ya kuhesabu chochote. Mchoro ukichorwa bila hesabu, mifupa yote hujaa malalamiko yale yale: upungufu wa watumishi, upungufu wa vifaa, uelewa mdogo. Chagua kitu kinachohesabika kwa kalamu: dakika kutoka mgonjwa kufika dirishani hadi kupata faili, idadi ya nguo zinazorudishwa kwa mshono kufumuka, mbao zinazoharibika kwa kukatwa vibaya. Hesabu wiki mbili kabla ya kubadilisha lolote, na wiki mbili baada. Kisha hesabu tena mwezi wa tatu, maana watu hufanya vizuri wakijua wanatazamwa, na uangalizi huo hupoa.

Jambo moja ambalo nadharia ya Kijapani inalichukulia kuwa lipo tayari ni kwamba mfanyakazi analipwa kwa muda wake na ana uhakika wa kesho. Fundi anayelipwa kwa kipande anapoteza pesa kila dakika anayopanga mbao. Kumwambia afanye hivyo kwa moyo wa kizalendo ni kumdhulumu. Lipa dakika 15 za mwisho wa siku kwa kiwango kinachoeleweka, au punguza idadi ya vipande inayotarajiwa. Na mwenye karakana asitumie Kaizen kuonyesha kwamba kazi ya watu sita inafanywa na wanne, kisha akawapunguza wawili. Atapata faida hiyo mara moja, na hataambiwa tatizo lingine tena.

Nani anunue? Stoo za dawa, maabara, wodi zenye vifaa vingi vidogo, karakana zenye mashine za pamoja na viwanda vidogo vya chakula watafaidika ndani ya wiki. Ofisi za makaratasi zitafaidika kidogo, kwa kuwa ucheleweshaji wao uko kwenye sahihi na vibali, na kupanga meza hakufupishi njia ya faili. Taasisi ambayo mkuu wake hawezi kutoa dakika kumi kwa wiki isubiri.

Kabla ya kulipa, muulize mtoa huduma mambo haya. Je, siku za kuwa kazini na timu ni nyingi kuliko za darasani? Je, mkuu wa taasisi ana kipindi chake mwenyewe, akiwa amekaa kama mwanafunzi, mbali na hotuba ya ufunguzi? Ni kituo gani alichokifundisha zaidi ya mwaka mmoja uliopita ambacho unaweza kukitembelea bila kutoa taarifa? Mpango wa mali zenye lebo nyekundu ni upi? Na mkataba ugawe malipo: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya utekelezaji, na angalau robo ibaki hadi ziara ya mwezi wa tatu, ambapo kipimo kitakuwa ubao wa matatizo wenye majibu na kitu kilichoombwa kupatikana ndani ya sekunde 30. Mtoa mafunzo anayejiamini atakubali robo hiyo isubiri. Anayesisitiza alipwe yote siku ya vyeti, mwombe bei ya S tatu.